Nilivyomsamehe Chepkemoi

Chelangat alinipigia simu Jumanne asubuhi nikipanga nyanya kwenye meza yangu sokoni Sotik, na kabla hajamaliza kujitambulisha nilikuwa nimeshajua. Sauti yake ni ya mama yake, ile ya kuvuta neno mwishoni kama mtu anayekuomba usikasirike. "Anti, mimi ni Chelangat wa Chebunyo," akasema. "Mama ametuacha. Ni presha." Nikamuuliza mazishi ni lini, akasema Ijumaa, nikasema nitakuja. Simu ilipokatika niliendelea kupanga nyanya mpaka mteja aliyesimama mbele yangu akaniuliza kama zinauzwa au ni za kuangaliwa tu. Nina miaka hamsini sasa, na ninaona kwa jicho moja, la kulia. La kushoto lina chamba cheupe kilichotanda katikati kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na kinachopita humo ni mwanga na vivuli. Watu wa sokoni wamenizoea, na nikiulizwa na mgeni husema ni ugonjwa, jambo ambalo ni kweli. Lakini kuhusu Chepkemoi, mama yake Chelangat, niliyekaa naye chumba kimoja katika kambi ya majani chai karibu na Kericho nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, nimesema maneno ambayo si kweli, na mengine nimewaacha watu waseme nikanyamaza. Nataka kuueleza mwaka ule ulivyokuwa. Najua nimengoja mpaka yeye hawezi kunisikia, na kwamba hilo peke yake linatosha kunihukumu.

Chumba chetu kilikuwa cha tatu kutoka kwenye bomba la maji, katika safu ya vyumba vya mawe vilivyopakwa chokaa juu na rangi nyeusi chini ili matope ya mvua yasionekane. Ndani mlikuwa na vitanda viwili vya chuma, pazia la maua katikati, stovu ya mafuta taa juu ya kreti, na dirisha dogo lililotazama majani chai, kijani kilichokatwa sawasawa kama meza mpaka kwenye mikaratusi ya mbali. Kila alasiri mvua ilishuka. Mvua ya mawe ikipiga mabati, tulikaa kimya kwa sababu hata kupiga kelele hakukusaidia. Chepkemoi alinizidi miaka sita. Alikuwa mchumaji, mwepesi wa mikono, vidole vyake vyeusi kwa utomvu wa majani hata Jumapili kanisani. Mimi nilikuwa kiwandani. Baridi yeye aliiita "paridi" na nilimcheka, naye akanicheka kwa Kiswahili changu cha Kisii nilichokisema kama mtu anayegombana. Mboga moja tulipatana nayo sote, ile chungu ambayo kwetu ni chinsaga na kwao ni isagek. Mimi niliichemsha tu na chumvi. Yeye aliimwagia maziwa akaiacha juu ya stovu muda mrefu mpaka uchungu ukalainika, na baada ya mwezi mmoja sikupika tena kwa namna yangu. Tulikula kwa sufuria moja, magoti yakigusana, na pembeni kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando kutoka kwao Chebunyo.

"Kula, mtu wa Kisii," angeniambia. "Mtu hawezi kuchuma chai na tumbo tupu."

"Mimi sichumi."

"Basi hata kuiangalia ni kazi ya njaa. Kula."

Kazi yangu ilikuwa kweli ya kuangalia. Nilikuwa sehemu ya kuchambulia, mahali chai iliyokauka inapita juu ya nyavu zinazotikisika na kujigawa kwa ukubwa wa chembe, na vumbi lake la kahawia linaingia mpaka kwenye mishono ya nguo. Huko ndiko Bwana Odhiambo alikoniona. Alikuwa mwonjaji wa chai wa kiwanda, mzee mrefu kutoka upande wa ziwa, asiyevuta sigara wala kula kitunguu kwa ajili ya kulinda ulimi wake. Siku moja alinikuta nimetenga rundo dogo pembeni. Akaniuliza nani amenituma. Nikamwambia hakuna aliyenituma, ila hiyo chai imekufa rangi. Akachota kidogo kwenye kiganja, akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama, akanitazama mimi. Kesho yake aliniita chumbani kwake. Sijaingia chumba kingine kama kile maishani. Kulikuwa na vigae vyeupe, meza ndefu ya ukuta hadi ukuta chini ya dirisha pana lisilo na pazia, na juu ya meza vikombe vyeupe vyenye vifuniko na bakuli nyeupe zimepangwa mstari. "Chai inaonwa kwanza, binti yangu," aliniambia. "Halafu ndiyo inaonjwa. Ulimi unakubali tu kile ambacho jicho limesema." Alinionyesha namna ya kumimina, na namna ya kupindua majani yaliyolowa juu ya kifuniko yatazamwe kama yanang'aa kama shaba mpya au yamefifia. Alivuta chai kinywani kwa kelele kubwa, akaitema kwenye ndoo ndefu, nami nikacheka, naye hakukasirika. Nilianza kupitisha mapumziko yangu humo. Siku moja akasema kwamba atahitaji msaidizi, na kwamba mwisho wa Agosti atakuja mtu wa ofisi kuu kutupima watu watatu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Kwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na asipate nafasi ya chuo, kile chumba cheupe kilikuwa chuo, na kilikuwa hatua mia moja tu kutoka nilipokuwa navuta vumbi.

Tangu utotoni, nikipatwa na mafua, vilinitoka vilengelenge kwenye pembe ya mdomo. Kwetu huitwa homa tu. Hutoka, hupasuka, hukauka, huisha, na karibu kila nyumba ina mtu wa namna hiyo. Julai mwaka ule ukungu ulikaa kambini wiki nzima bila kuinuka, nikashikwa na mafua, na vilengelenge vikatoka kama kawaida. Kisha nikaamka jicho la kushoto likiwa jekundu, linatoa machozi, na nikihisi kama chembe ya chai imeingia chini ya kope. Nilidhani kweli ni chembe ya chai. Niliosha kwa maji ya uvuguvugu. Chepkemoi aliniinamisha kichwa dirishani akanifungua kope kwa vidole vyake vyeusi.

"Hiyo macho si mzuri," akasema. "Na huyo mzee wako anataka mtu wa macho."

"Itapoa."

"Kesho naenda nyumbani. Nikifika Sotik nitakuletea dawa."

Aliniletea. Alipitia duka la dawa Sotik akaeleza kwamba dada yake ana jicho jekundu, na mwenye duka akampa kichupa cha matone bila kuuliza swali lolote. Alirudi Jumapili jioni, akaketi kitandani kwangu kabla hata ya kuvua leso kichwani, akanitia tone la kwanza yeye mwenyewe kwa uangalifu, ulimi umetokeza kidogo kwenye meno kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Siku ya tatu jicho lilikuwa jeupe. Alicheka kwa furaha akapiga makofi. Nami nilimkumbatia, na nililala usiku ule nikiwa mtu mwenye bahati.

Kama ningekuwa mwandishi wa kujitetea ningeishia hapo, kwa sababu mpaka hapo hakuna mwenye kosa. Alinipa alichodhani ni dawa, nikaipokea. Lakini kila nilipoacha matone, wekundu ulirudi, ukiwa mkali zaidi, na kila nilipotia ukaondoka. Kichupa kilipoisha nilimwomba aniletee kingine, naye akaleta. Katikati ya Agosti kichwa kilianza kuniuma juu ya jicho, nikaenda zahanati ya kambi kuomba dawa ya kichwa. Daktari wetu wa zahanati, kijana mpole ambaye sitamtaja jina, aliniandikia dawa, kisha akainua uso, akauangalia mdomo wangu wenye kovu jipya la homa, akaliangalia jicho. Akanisogeza kwenye taa. Akaniuliza ninatia nini. Nilikuwa na kichupa mfukoni, nikamwonyesha. Alikigeuza akasoma, na uso wake ukabadilika.

"Kwamboka, acha hii leo," akasema. "Usitie hata tone moja tena. Kama ni ile ninayofikiria, hii inaficha wekundu tu huku jicho likiharibika ndani. Mimi sina vifaa vya kuona vizuri. Lazima uende kwa daktari wa macho."

"Wiki ijayo," nikasema.

"Si wiki ijayo. Kesho."

Akaniandikia barua ya kuipeleka hospitali, akaisaini, akaipiga muhuri, akanipa mkononi. Nakumbuka alinisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo hakumfanyia mtu. Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mtu wa ofisi kuu alikuwa anakuja Jumanne. Nilijua kwamba nikienda hospitali watanilaza au watanifunga jicho kwa bandeji, na nikiacha matone jicho litakuwa jekundu kama nyama mbele ya mgeni. Nilifika chumbani, Chepkemoi bado yuko shambani. Nikaisoma ile barua mara mbili. Kisha nikaikunja, nikawasha stovu kwa ajili ya chai, na nikaitumia barua kupitisha moto kwenye utambi. Chepkemoi alipoingia na kikapu chake mgongoni, akaniuliza zahanati wamesemaje. Nikamwambia wamenipa panadol. Nikatia matone mbele yake.

Jumanne nilifaulu. Bakuli kumi na mbili zilipangwa ovyo, nami nikazipanga kutoka ile hai kabisa hadi ile iliyochoka, na mgeni akabadilisha mbili kinyemela nami nikazirudisha mahali pake. Bwana Odhiambo alikunja mikono nyuma akainuka kwa vidole vya miguu kama mtoto. Nilipewa koti jeupe. Chepkemoi alipika kuku, akawaita majirani, na Moraa wa chumba cha pili, mtu wa kwetu, akaimba wimbo wa harusi kwa utani. Nilikaa kwenye kile chumba cheupe siku kumi na saba. Nimeshawahi kujiuliza kama siku kumi na saba za kuwa mtu unayetaka kuwa zinatosha, na jibu ni kwamba hazitoshi. Zinatosha tu kukufundisha kile unachokosa.

Jicho halikuuma sana, na hilo ndilo lililonidanganya. Lilikuwa zito tu, kama la mtu mwingine. Kisha ule mwanga wa dirishani, mwanga ambao Bwana Odhiambo aliusifu kuliko kitu chochote cha kiwanda, ukaanza kunichoma. Nilifanya kazi nikiwa nimegeuza uso pembeni. Siku moja niliona bakuli zote zina moshi juu yake, nikadhani ni mvuke, nikangoja zipoe, zikapoa, na moshi ukabaki. Nikaendelea kutia matone, sasa mara nyingi zaidi kuliko mwanzo, nikijificha chooni. Siku ya kumi na saba Bwana Odhiambo alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Kwamboka, unatazama kama kuku," akasema. "Upande mmoja. Geuka."

Niligeuka. Yule mzee alirudi nyuma hatua moja. Hakuwa mtu wa kuonyesha mambo, lakini alirudi nyuma. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu." Mchana huohuo alitafuta gari la kiwanda linipeleke hospitali ya macho, na Chepkemoi akaitwa kutoka shambani anisindikize, akaja na buti za matope na aproni ya nailoni ikidondosha maji.

Daktari wa macho alikuwa mama mfupi mwenye miwani, mchovu, aliyefanya kila kitu haraka lakini kwa mkono mwepesi. Alinitia rangi ya njano kwenye jicho, akazima taa, akanimulika kwa mwanga wa buluu. Alichukua pamba akaisokota ncha ikawa nyembamba kama unywele. Akaniambia niseme nikihisi. Nikangoja aniguse. Akaniuliza, "Bado?" Nikasema bado hujanigusa. Akasema, "Nimekugusa mara tatu." Chepkemoi aliyekuwa amesimama ukutani alitoa sauti ndogo. Kisha taa zikawashwa na yule mama akatueleza. Kwamba ni virusi, vilevile vinavyotoa vidonda vya homa mdomoni, na watu wengi mno wanavyo mwilini tangu utotoni. Kwa wengi havifanyi zaidi ya kidonda cha mdomo. Kwa wachache vinapanda kwenye jicho, vinachimba kidonda kwenye kioo chake cha mbele, na vinaua hisia, ndiyo sababu husikii uchungu unaostahili. "Vikiwahiwa na dawa yake, mara nyingi jicho linapona," akasema. "Lakini wewe umetiwa dawa ya kutuliza wekundu. Hiyo imeufunga mwili wako mikono, na virusi vikala vinavyotaka. Kidonda kilichokuwa kama kijiti sasa ni kama ramani." Alishika kichupa changu kwa vidole viwili. "Nani alikupa hii?"

"Ni mimi, daktari," Chepkemoi akasema.

Yule mama alimgeukia. Sitayaandika yote aliyomwambia, kwa sababu hayakumhusu. Alimwambia kwamba dawa ya macho si peremende. Alimwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaojaza wodi yake vipofu. Chepkemoi alisimama na buti zake zile, maji ya aproni yakitengeneza dimbwi kwenye sakafu safi, akisema, "Ndiyo, daktari. Ndiyo, daktari." Kisha daktari akarudi kwangu, kwa sauti ya upole zaidi, ile sauti inayotolewa kwa mtu aliyekosewa. "Na kule kambini hakuna mtu wa afya aliyekuona? Hakuna aliyekuambia uache?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Watu husema neno liliwatoka kabla hawajafikiri, mimi nilifikiri. Niliona akilini koti langu jeupe limetundikwa kwenye msumari. Niliona nikiitwa mjinga aliyejipofusha kwa ajili ya cheo. Nikasema, "Hapana, daktari. Hakuna."

Nililazwa wiki tano. Walinipaka marhamu mara tano kwa siku, na kidonda kikafunga polepole, kikaacha chamba. Daktari alisema neno ambalo sikulielewa vizuri wakati ule, kwamba virusi havijaondoka, vimelala tu kwenye mshipa, na vinaweza kuamka tena siku yoyote maishani mwangu. Vimeamka mara nne tangu hapo, na kila mara vimechukua kidogo cha kilichobaki. Chepkemoi alikuja kila Jumapili. Aliketi kwenye kiti cha mbao akinisimulia mambo ya kambi, nani amehamishwa, nani amejifungua, na kila mara kabla ya kuondoka alingoja kidogo, kana kwamba nina kitu cha kumwambia. Sasa najua alikuwa anangoja nimtukane. Ingekuwa rahisi kwake.

Niliporudi, chumba cheupe kilikuwa na mtu mwingine, mmoja wa wale wawili niliowashinda. Bwana Odhiambo aliniita ofisini asiniache nisikie kwa watu. "Jicho moja linaona," akasema, "lakini halilinganishi. Na mwanga ule utakumaliza. Siwezi, binti yangu." Alilia, mzee yule, kwa namna ya kujifanya anapenga kamasi. Nikapewa kazi ya kufagia ghala. Na kambini nikakuta maneno yamenitangulia. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa chumbani nikipumzisha jicho, pazia limefungwa, Chepkemoi ameketi mlangoni akichambua mboga, na nje kwenye bomba Moraa na wengine wawili walikuwa wanafua wakizungumza Kigusii, lugha yetu, bila kushusha sauti, kwa kuwa walijua yeye hasikii. Moraa alisema ni wivu. Alisema mtu huwezi kuacha mwenzako anavaa koti jeupe wewe unabeba kikapu, moyo haukubali. Alisema huko Chebunyo kuna dawa zisizouzwa dukani, na kwamba kile kichupa, nani alimwona akikinunua? Mwingine akasema maskini Kwamboka, alikula naye sufuria moja. Nilisikia kila neno. Mikono ya Chepkemoi ilisimama juu ya mboga. Jina lake alikuwa amelisikia mara mbili katikati ya lugha asiyoijua.

"Wanasema nini?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Wanazungumza mambo ya mvua."

Akaendelea kuchambua. Baada ya hapo wanawake waliacha kumwazima kiberiti. Kwenye mizani ya majani walimwachia nafasi mbele na nyuma. Mama mmoja alimwaga chai ambayo Chepkemoi alimpa mtoto wake. Neno langu moja lingemaliza hayo yote. Ningetoka hadi bombani na kusema nilionywa, nilipewa barua, niliichoma. Wiki zikapita nami nikifagia ghala, na kadiri nilivyonyamaza, ndivyo ilivyokuwa rahisi kuamini kwamba kweli ni yeye. Sitaki msomaji adhani niliteseka usiku na mchana. Kulikuwa na siku nilimkasirikia kwa dhati. Niliangalia vidole vyake vyeusi vikikanda ugali nikafikiri, vidole hivyo ndivyo vilivyonitia tone la kwanza. Mtu anaweza kuamini uongo wake mwenyewe akiupa chakula kila siku, na mimi niliupa.

Aliondoka Desemba, kabla ya Krismasi, asubuhi yenye jua. Alikuwa ameacha kazi bila kuniambia. Nilimkuta amefunga nguo zake kwenye shuka, kitanda kitupu, stovu ameisugua mpaka inang'aa na kuiacha upande wangu. Alisimama katikati ya chumba, pazia likiwa limevutwa kando kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, na chumba kikaonekana kikubwa.

"Kwamboka," akasema, "mimi sikujua. Mungu ananiona. Niliuliza dawa ya macho nikapewa hiyo. Lakini ni mkono wangu. Sitaki kuenda na hii kitu. Nisamehe."

Ningeweza kusema mambo mengi. Nilisema, "Nimekusamehe."

Akaanguka magotini akashika miguu yangu akilia kwa shukrani, na mimi nikaweka mkono juu ya kichwa chake. Nilimsamehe kosa ambalo lilikuwa langu, na niliuonja utamu wa msamaha ule kama mtu anayestahili kuutoa. Kisha akabeba shuka lake kichwani akapita mbele ya bomba, na hakuna aliyemuaga.

Mimi pia sikukaa sana. Nilihamia Sotik nikaanza biashara ya mboga, na kwa kuwa Sotik ndiyo njia ya watu wa Chebunyo, tulionana tena. Si mara moja. Alikuja na watoto, baadaye na wajukuu, akanunua nyanya, akauliza habari za nyumbani. Siku zote alisimama upande wangu wa kulia. Mwanzoni nilidhani ni adabu, nisihangaike kugeuka. Nilichelewa kuelewa kwamba hawezi kulitazama lile la kushoto. Kila mara nilijiambia, leo nitamwambia. Kisha mteja angekuja, au mvua, au mtoto wake angelia, nami nikaongeza nyanya mbili juu ya zile alizonunua.

Ijumaa nilikwenda Chebunyo. Kule chini hakuna majani chai wala ukungu. Ni ardhi ya ng'ombe na mahindi, jua likiwaka. Walizika saa nane. Mchungaji alimsifu kama mama mwenye kupenda watu. Baada ya watu kula na kuanza kutawanyika, nilimfuata Chelangat jikoni kumsaidia kuosha vikombe. Alikuwa ameinamia karai, na alianza kuzungumza bila kuulizwa, kama wafanyavyo wafiwa siku hiyo.

"Presha waliipata mapema, anti. Kliniki walimpa tembe kila mwezi. Akaenda, akazichukua, hakukosa hata siku moja. Lakini hakumeza mpaka mtu ampe. Mkono wake haukushika dawa. Sisi tukiwa wadogo hata panadol hakutupa. Alitubeba mpaka hospitali nesi atupe, au alingoja baba arudi. Baba ndiye alikuwa akimpa zake asubuhi. Sasa baba alipofariki mwaka jana, mimi nikiwa Kericho kazini..." Akasuuza kikombe. "Nimezikuta kabatini. Za miezi saba. Zote zimepangwa vizuri. Alituambia zamani, eti mkono wake uliwahi kumharibia mtu macho, na huyo mtu akamsamehe, lakini mkono wenyewe hawezi kuuamini. Hakutuambia ni nani." Akainua uso akanitazama, na nikaona amejua muda mrefu ni nani. "Nilitaka tu uje," akasema. "Alikupenda sana."

Nikamwambia. Nilimwambia pale, nikiwa na kitambaa cha kupangusia mkononi: zahanati, barua, stovu, daktari wa macho na jibu nililompa, Moraa bombani, na asubuhi ile ya Desemba. Ilichukua muda mfupi mno. Mikono ya Chelangat ilibaki ndani ya maji.

"Yeye alijua?"

"Hapana."

"Kutoka Sotik mpaka hapa si mbali, anti."

"Si mbali."

Alitoa mikono kwenye karai, akaipangusa kwenye sketi, kidole kimoja kimoja. Nilitaka anipige. Alitazama mlango, ambako sauti za kaka zake zilisikika wakiwaaga wazee wa kanisa.

"Nenda uwaambie na hao," akasema. "Mimi siwezi kukaa nayo peke yangu."

Nikatoka. Kaka zake walikuwa wawili, wanaume wazima, wameketi kwenye benchi kando ya udongo mpya. Waliponiona nakuja walisimama wote wawili, mmoja akapangusa benchi kwa mkono wa koti lake.

"Karibu, mama, kaa hapa," akasema. "Umetoka mbali kwa ajili yetu."

Nikawaambia wakae wao.